UZI: Kabla hujamwita farasi mkorofi, muangalie anavyotembea, kisha jiangalie na wewe unavyokaa

Kwato Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kila nikipita mahali wanapoongelea farasi lazima nikute mtu analalamika wake mkorofi, sijui anang'ata, sijui hataki kufungwa mkanda wa tumbo, sijui akifika kona ileile anaruka pembeni, na majibu huwa ni yaleyale, mchape, mbadilishie lijamu kali, yaani kile chuma cha mdomoni, muoneshe nani bosi. Mimi kazi yangu ni kufundisha farasi na wanaowapanda, na leo niseme tu wazi, hao farasi wengi sio wakorofi. Ama wanaumwa, ama hawajaelewa wanachoambiwa, ama aliyekaa juu anawaambia vitu viwili vinavyopingana kwa wakati mmoja na mwenyewe hana habari. Ule ukorofi wa farasi kuamka asubuhi akapanga kukukomoa bado sijaukuta. Hiyo akili ya kuweka kisasi hana, ana akili nyingine, ya kusoma mwili, na hapo ndo anatuzidi wote.

Kuna farasi aliwahi kuitikisa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, anaitwa Hans, mwenye naye alikuwa mwalimu pale Berlin, Wilhelm von Osten. Hans anaulizwa hesabu, anagonga kwato chini mpaka jibu lifike, anaacha. Watu wakajua farasi kasoma. Ikaundwa mpaka tume, ikamkagua, haikuona ujanja wowote. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst ndo akaja na siri yenyewe: muulizaji asipojua jibu, na Hans hajui, na Hans akizuiwa kumuona muulizaji, hajui vilevile. Kumbe muulizaji bila kujijua alikuwa anainamisha kichwa kidogo sana akisubiri kwato zianze kugonga, alafu namba ikitimia kichwa kinanyanyuka kidogo mno, Hans kaona, kaacha. Von Osten hakuwa tapeli, hata yeye hakujua.

Sasa Hans alikuwa anamsoma mtu aliyesimama pembeni. Wewe umemkalia mgongoni, kwenye ngozi inayosikia nzi akitua. Unafikiri hajui kwamba umebana pumzi?

Kwahiyo kabla ya kufika kwenye mafunzo, kuna mambo ya maumbile inabidi tuwekane sawa. Macho yako pembeni, anaona karibu mzunguko mzima, kama digrii 350 hivi, ila nyuma yake kabisa haoni na mbele ya paji la uso pale karibu haoni. Akitoka juani kuingia gizani macho yake yanachelewa kuzoea kuliko yako, ndo maana anagoma mlangoni mwa banda au kwenye gari la kumbebea na wewe unamvuta unaona ana kichwa ngumu. Msimamishe pale mlangoni, mpe muda aangalie, wengi wanaingia wenyewe.

Jambo lingine ambalo wapandaji wengi hawajawahi kuambiwa, farasi hana mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani. Miguu ya mbele haijaungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa, ni misuli na kano tupu, kifua kimening'inia katikati ya mabega kama mtoto kwenye mbeleko. Na huko mbele tayari kunabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake hata kabla hujapanda. Unapopanda umeinamia mbele unaangalia manyoya ya shingo unazidi kuuongezea mzigo upande uliolemewa, kifua kinazama, hatua zinakuwa fupi, anajikwaa, unamwita mvivu. Misuli ile inajengwa taratibu, kwa kutembea sana, kupanda na kushuka vilima vidogo, kurudi nyuma hatua mbili tatu, kubadilisha mwendo mara kwa mara. Kwa kumvuta kichwa kiingie kifuani haijengeki, hapo unapata shingo iliyokunjwa na mgongo uliodidimia, basi.

Nitaendelea, ila ulizeni kadri tunavyokwenda maana nikiandika peke yangu nitapotea.

Mzee wa Lijamu

Mkuu umeandika vizuri ila naona unatuletea mambo ya kubembeleza. Mnyama ana kilo 500, ukimlegezea siku moja anakupanda kichwani. Mi wangu akirusha teke anakula mjeledi hapohapo na anatulia, mwaka wa ngapi sasa. Hayo mambo ya kusoma hisia za farasi ni ya watu wenye muda.

Kwato Nne

Mzee wangu nakuheshimu na sijasema mipaka isiwepo. Farasi anayekusukuma kwa bega lazima afundishwe kukaa mbali, na teke linaua, hapo hatutanii. Ninachobisha ni mjeledi kuwa jibu la kila kitu. Fimbo inazima alichokionesha, sababu inabaki palepale. Na farasi aliyejifunza kwamba akitoa onyo la kwanza anapigwa, anaacha kutoa onyo, na huyo ndo wa hatari kabisa kwasababu masikio hayalali, mkia hauchezi, unapita nyuma yake umetulia unastukia teke tu.

Alafu kuna suala la wakati. Farasi anaunganisha tendo na matokeo yaliyogusana, sekunde moja hivi, ikizidi hapo hajui unampigia nini. Yeye kapiga teke, wewe umeenda kuchukua mjeledi ukutani, umerudi, umemchapa, yeye anachojifunza ni kwamba ukitokea upande ule na kitu mkononi ni shida. Siku nyingine unakuja na brashi anaruka, unasema kachanganyikiwa.

Na karibu kila tunachomfundisha farasi kinakwenda kwa kuachia. Unaweka mgandamizo mdogo, akijibu hata kidogo tu unaachia, ule wepesi ndo zawadi, ndo unaomfundisha. Angalia mtu anayemuongoza farasi kwa kamba. Farasi kasimama. Mtu anageuka anamtazama usoni, anavuta. Farasi ananyanyua kichwa anavuta nyuma, mtu mkono unachoka analegeza kamba. Nani kafundishwa hapo? Farasi kajifunza kwamba kunyanyua kichwa na kurudi nyuma kunaleta nafuu, kesho atafanya mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Simama bega kwa bega naye, angalia unakokwenda, vuta kidogo tu na ubaki hapohapo usiongeze usipunguze, akihamisha uzito kuja mbele, hata kabla mguu haujanyanyuka, legeza. Mara chache tu anaanza kukufuata kamba ikiwa imening'inia.

Binti Hatamu

Asante kwa uzi kaka. Mi jike langu likiona tu tandiko linalaza masikio, nikifunga mkanda linageuka kutaka kunigonga na meno. Ukishapanda linaenda vizuri tu ila kwa kujivuta. Pale ninapofugia wananiambia majike ndo walivyo, nimzoee.

Kwato Nne

Dada usikubali hilo jibu. Ujike sio ugonjwa wala sio tabia. Kuna vitu vya kukagua na ningeanza hivi.

Kesho usimfunge kamba fupi, mwache kichwa kiwe huru kidogo, mtu mwingine akushikie, wewe peleka mkono mtupu pale mkanda unapopita, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, gusa polepole uende mpaka chini ya kifua. Usiangalie mkono wako, angalia uso wake. Kope ya juu ikijikunja ikatengeneza kama pembetatu juu ya jicho, pua ikikazana, midomo ikibana kidevu kikawa kigumu, misuli ya taya ikatuna, hayo ni maumivu au hofu ya maumivu, na hapo tandiko halijaja bado. Alama hizo za uso watafiti waliziweka kwenye kipimo kabisa mwaka 2014, sio mambo ya kubuni. Akitulia kwa mkono ila akabadilika ukileta tandiko, shaka yako ipeleke kwenye tandiko. Akibadilika hata kwa mkono, ita daktari wa mifugo.

Kitu cha kwanza mimi kumuuliza daktari kitakuwa vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake na linamwaga asidi muda wote, awe anakula au hali, kwasababu kaumbwa kula nyasi siku nzima. Ukimfungia masaa mengi bila majani, ukamlisha nafaka nyingi mara mbili kwa siku, alafu ukamkimbiza akiwa na njaa, ile asidi inapiga sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Mpe majani kidogo kabla ya kumtandika, huo mkeka wa majani unapunguza asidi kurukaruka, haina madhara hata kama tatizo ni jingine.

Tandiko nalo, likae nyuma ya bega lisilizuie, maana bega linarudi nyuma kila hatua, na lisivuke ubavu wa mwisho. Pale katikati juu ya uti wa mgongo upitishe vidole bila kubanwa hata mtu akiwa juu. Ukishavua baada ya kazi angalia jasho, ukikuta kipande kikavu kabisa katikati ya sehemu iliyolowa, mara nyingi hapo palikandamizwa. Na mkanda usiukaze wote mara moja. Funga shimo la kwanza, tembeza, ongeza, tembeza tena.

Na hiyo ya kujivuta usiitenganishe na ya mkanda, huenda ni jambo moja tu.

Fundi wa Kwato

Naunga mkono. Mi nashika miguu ya farasi kila siku na niongezee kimoja ambacho watu wanakikosea. Farasi akikataa kunyanyua mguu wa kushoto, wenye farasi wanakagua kushoto. Wakati ukinyanyua kushoto uzito wote unaenda kulia, na huenda kulia ndo kunauma. Kagua na ule anaosimamia. Pia angalia kwato zinavyoisha, upande mmoja ukiisha haraka kuliko mwingine kila mara, farasi huyo anatembea amejipinda na juu huko kuna sababu. Wakati mwingine sababu ni anayepanda, nimeona farasi kwato zake zinaisha sawa akikaa likizo, mwenye akirudi zinaanza kuisha upande.

Kwato Nne

Fundi umenena, hiyo ya mguu wa pili ingeandikwa mlangoni mwa kila banda.

mgeni njiani

Shikamooni wakubwa. Mimi najifunza kupanda, ni muda kidogo sasa, mwalimu wangu ananiweka kwenye kamba ndefu nazunguka tu duara, hatamu kaninyang'anya, vikuku vya kukanyagia kavitoa, wenzangu wa sehemu nyingine washaanza kanta, ule mwendo wa kukimbia kwa kuruka. Je ananipotezea muda? Na niseme ukweli naogopa, farasi akiongeza mwendo mwili wote unakaza.

Kwato Nne

Marahaba. Usimwache huyo mwalimu. Pale Vienna, Austria, kwenye ile shule ya kupanda farasi inayoitwa ya Kihispania, yenye farasi weupe, ambayo ina karne kadhaa, mwanafunzi mpya anaanzia hapohapo kwenye kamba, bila hatamu bila vikuku, na anakaa hapo muda mrefu kweli. Sababu ni moja, mtu asiye na balansi anashikilia balansi kwenye hatamu, na hatamu mwisho wake ni chuma ndani ya mdomo wa mnyama. Kila ukiyumba unamvuta mdomo, yeye anajibu kwa kunyanyua kichwa, mgongo unadidimia, unayumba zaidi.

Hiyo hofu yako ina njia yake na ni vizuri uijue. Binadamu akiogopa anajikunja mbele, magoti yanabana, visigino vinapanda, pumzi inasimama. Farasi kafundishwa kwamba miguu ikibana maana yake nenda. Anaongeza. Unaogopa zaidi, unabana zaidi, sasa unavuta na hatamu, miguu inasema nenda mikono inasema simama, yeye afuate kipi? Hapo ndo anarusha makalio au anasimama wima, na ukianguka unasimulia farasi alikuwa na wazimu. Dawa yake ni kutoa pumzi. Sio kuvuta, ni kuitoa, ndefu, kwa sauti kama unaweza, maana ukitoa pumzi yote inakuwa vigumu kuendelea kubana magoti, jaribu ukiwa umekaa kwenye kiti uone. Ukitoa pumzi makalio yanazama kwenye tandiko, mgongo unarefuka. Imba kama unaona aibu kupumua kwa sauti, wanafunzi wangu wengine wanaimba mpaka wanakera.

Na macho. Mmarekani Sally Swift, aliyeishi toka 1913 hadi 2009 akiwa na uti wa mgongo uliopinda toka utotoni, aliwafundisha watu kupanda kwa mambo manne ya msingi na la kwanza lilikuwa macho laini, usikodolee kitu kimoja, acha uone pembe zote kwa pamoja. Ukikodoa shingo inakaza, shingo ikikaza nyonga inakaza, nyonga ikikaza mgongo wa farasi unapigwa kila hatua. Mambo yake mengine yalikuwa pumzi, kujikita katikati ya mwili, na kupanga mwili toka nyayo kwenda juu. Rahisi kuandika ila mtu anaweza kuyafanyia kazi maisha yake yote.

Zoezi moja umuombe mwalimu wako. Farasi akiwa anatembea, fumba macho, yeye kashika kamba kwahiyo uko salama, na helmeti umevaa, hilo sio la kujadili. Sikia makalio yako. Utagundua mfupa wa kushoto wa makalio unazama, alafu wa kulia, kushoto, kulia. Ule wa kushoto unapozama, mguu wa nyuma wa kushoto wa farasi uko hewani unakuja mbele, tumbo lake linaenda kulia kuupisha. Kila ukizama kushoto sema "sasa". Mwalimu akiwa chini anaangalia mguu anakusahihisha, umewahi, umechelewa, hapo. Mwanzo utabahatisha, alafu ghafla unapata na huachi tena.

Kwanini nasisitiza hili, mguu ulioko chini umebeba uzito, huwezi kuuambia kitu, umeshakanyaga. Mguu ulioko hewani ndo unaweza kuuambia utue mbali zaidi au uvuke chini ya tumbo. Mtu asiyejua mguu uko wapi anapiga mateke ovyo, mara moja moja anaangukia wakati sahihi farasi anajibu, mara nyingi anakosea farasi anaonekana kiziwi. Anayejua anagusa tu kwa shavu la mguu, na watu walioko nje wanasema yule ana farasi mzuri.

Kipanga wa Nyasi

Mkuu swali fupi, ni kweli farasi akilamba midomo na kutafuna wakati wa mafunzo maana yake kakubali wewe ndo kiongozi? Na ile kwamba kila jicho lina ubongo wake, ukimuonesha kitu kushoto kulia hajui?

Kwato Nne

La kwanza hapana. Analamba anapotoka kwenye hali ya kukaza kurudi kwenye kutulia, ni mwili unaachia. Kwahiyo ukiona analamba jiulize alikuwa amekaza kwa sababu gani, mara nyingi ni wewe ulikuwa umemsukuma sana. Wapo wanaomzungusha farasi kwenye uwanja wa duara mpaka achoke kukimbia, akilamba wanashangilia kaheshimu. Kachoka tu maskini.

La pili pia hapana, alichokiona jicho la kushoto pande zote mbili za ubongo zinapata. Ila kitu ukikitazama toka upande mwingine umbo lake linabadilika, gogo la asubuhi ukilipita jioni ukitokea ng'ambo linaonekana gogo jipya. Ndo maana tunamzoesha pande zote mbili, bila kugombana naye.

Mzee wa Lijamu

Haya nimesoma yote nimekaa kimya. Ngoja niwaulize wataalamu. Ninaye mmoja, ana miaka tisa, kanta ya kuzungukia kulia hana tatizo, ya kushoto hataki. Anaanza na mguu wa kuongoza usio wa upande huo, nikimlazimisha anabadilisha miguu ya nyuma katikati, anakimbia troti, ule mwendo wa mchakamchaka, ya haraka haraka, mkia unapiga huku na huku, mdomo wazi. Nimemfunga mkanda wa pua ukakaza mdomo ukafunga ila mengine yako palepale. Huyo naye hajaelewa?

Kwato Nne

Mzee hapo umetaja vitu vingi kwa mpigo na ngoja nikuoneshe kwanini vinanishtua. Daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi akiwa amepandwa. Farasi akionesha 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba ana maumivu ya mifupa au misuli. Mdomo kuwa wazi muda mrefu umo. Mkia kupiga umo. Kubadilisha miguu kwenye kanta umo. Troti ya kukimbiakimbia imo. Kichwa kuinama upande, macho ya kukodoa, kujikwaa mara kwa mara, masikio kulala sekunde 5 na zaidi, yote yamo. Umeniandikia sentensi mbili tatu tu na tayari naona nne, hujaniambia masikio na kichwa vinafanyaje.

Mkanda wa pua ulegeze leo. Kanuni ya zamani ni vidole viwili vya mtu mzima vipite juu ya mfupa wa pua, na mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilileta kifaa maalum cha kupimia kwasababu kila mtu vidole vyake vilikuwa vinapungua unene siku ya mashindano. Ukifunga mdomo umefunga taarifa.

Alafu fanya hivi kabla ya kufikiria mafunzo yoyote. Usimpande. Tafuta sakafu ngumu na tambarare, mtu amuongoze troti kwa kamba iliyolegea, kichwa kiwe huru, aende moja kwa moja akitoka kwako, arudi kuja kwako, alafu apite ubavuni, wewe uchukue video. Troti ndo mwendo wa kukagulia kwasababu miguu inapiga miwili miwili ya mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia, mbele kulia na nyuma kushoto, mdundo unatakiwa uwe sawa. Sikiliza kwanza bila kuangalia. Mguu wa mbele ukiwa unauma, kichwa kinapanda ule mbovu unapokanyaga na kinashuka mzima unapokanyaga. Kwa miguu ya nyuma simama nyuma yake, angalia nyonga, upande mmoja utapanda na kushuka zaidi ya mwingine. Bandika vipande viwili vya karatasi nyeupe ya gundi pale kwenye nyonga, kila upande kimoja, kwenye video ya polepole utaviona wazi. Kisha duara pande zote mbili kwa kamba ndefu, kwanza chini pagumu alafu palaini.

Usijiamulie mwenyewe anaumwa wapi. Mguu wa nyuma unaouma unaweza kukufanya uone kichwa kinacheza ukadhani ni wa mbele wa upande uleule, inachanganya hata wazoefu. Video mpelekee daktari.

Akikutwa mzima kabisa, hapo sasa tunakuja kwako mzee, samahani. Mtu akuchukue video toka nyuma ukiwa kwenye troti. Wengi wetu nyonga moja inadondoka, ubavu mmoja unakunjika, kikuku kimoja kinabebeshwa uzito zaidi. Ukikalia zaidi upande wa kulia miaka yote, kanta ya kushoto unamnyima nafasi, mgongo hauwezi kuinuka upande unaotakiwa. Na uzito pia, watu wengi wa fani wanashika mwisho asilimia 20 ya uzito wa farasi, mtu na tandiko kwa pamoja, wengine wanashuka mpaka 15, lakini mtu mwepesi aliyepinda anaweza kumuumiza kuliko mzito aliyenyooka.

Binti Hatamu

Nimerudi na mrejesho kidogo. Mkono mtupu tu jike langu limebana midomo na jicho limefanya ile pembetatu kabisa, nimeipiga picha. Daktari anakuja. Majani kabla ya kutandika nimeanza, na kutandika kwenyewe nimesimamisha kwa sasa.

Kwato Nne

Safi sana dada. Ile picha usiifute, piga nyingine akiwa anakula ametulia, mwanga uleule upande uleule, daktari aone zote mbili. Na muulizie kama analala chini usiku, farasi anasinzia amesimama ila usingizi mzito lazima ajilaze, kama nusu saa hivi kwa siku. Mwenye maumivu au asiyejiamini pale alipo halali chini, utamkuta anasinzia mchana magoti yanakatika. Ukikuta vidonda vidogo mbele ya vifundo vya miguu ya mbele hiyo ndo dalili yake.

mgeni njiani

Nimeimba leo kwenye troti. Mwalimu kacheka ila farasi kapunguza mwendo mwenyewe!!

Mzee wa Lijamu

Mkanda wa pua nimelegeza. Video sina mtu wa kushika kamba, vijana wote wanataka kukimbia mbele wamvute.

Kwato Nne

Waambie wakimbie usawa wa bega lake, mkono mmoja urefu wa kamba kati yao, wasimwangalie. Wakimvuta kichwa hakitacheza na hutaona kitu. Ukikosa kabisa, sakafu ngumu, tembea naye wewe mwenyewe, simu iegemeze chini usawa wa magoti, pita mara kadhaa kwenda na kurudi. Ukiipata ilete hapa ila tuma na kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri sisi tumalize kubishana.